Bibi Harusi wa Tangazo

Habari kwamba Soipan ameolewa ilimfikia baba yake akiwa soko la mifugo la Kajiado, amemshika beberu kwa pembe, anabishana na mnunuzi mmoja aliyetoka Kitengela. Yule mnunuzi alitoa simu mfukoni ili ampige beberu picha, akacheka, akasema kumbe Mzee Katoo alifanya sherehe akawanyima watu mwaliko. Kisha akamgeuzia kile kioo.

Mzee akamwona binti yake. Alikuwa amevaa vazi jekundu la harusi, kola pana ya shanga imemfunika mabega. Kando yake alisimama kijana asiyemjua, amejifunga shuka ya rangi hiyo hiyo, ameinama kidogo kumrekebishia kola, na anamtazama. Juu ya picha kulikuwa na maneno mawili, la kwanza la Kimaasai, ambayo hata mtu aliyesoma kidogo angeyajua: Enkiyama Yetu. Harusi yetu.

Mzee Katoo hakukana. Mtu wa umri wake hasimami mbele ya watu akasema hajui mambo ya mtoto wake. Alimshukuru yule mnunuzi, akamuuza beberu kwa bei aliyotajiwa, akarudi nyumbani bila hata sukari aliyotumwa. Alipofika akamwambia mkewe ampigie Soipan simu aje.

Soipan alikuwa Noonkopir, Kitengela, katika chumba chake cha kushonea, mguu uko kwenye cherehani, simu ilipoita. Mama yake hakufoka. Alimweleza yaliyotokea sokoni kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea karibu na mgonjwa.

"Kuja nyumbani, nakerai, mtoto wangu," alimaliza. "Na huyo kijana, kama ako, kuja na yeye. Afadhali baba yako amsikie kwa masikio yake kuliko kuendelea kuonyeshwa na watu wa mbuzi."

Simu ilipokatika, Soipan alibaki ameishikilia sikioni. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba hakuwa na mtu wa kumlaumu. Ile picha haikumponyoka. Ni yeye aliyeituma Kajiado, kwa kidole chake mwenyewe, na alikuwa amesomea jinsi ya kuituma.

Masomo yenyewe aliyafanya pale pale Noonkopir, ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Mwalimu wao, Evalyne, aliwafundisha kuuza kwenye mtandao: namna ya kuandika maneno yanayosimamisha kidole cha mtu anayepita haraka, namna ya kujua nani ameona, nani amesimama na nani ameuliza, na namna ya kulipeleka tangazo kwa watu wa mahali fulani, wa umri fulani, wanaopenda kitu fulani. Soipan alikwenda huko kwa sababu ya mavazi ya harusi. Mama yake na akina mama wa kanisa walitunga shanga, yeye alishona, lakini wateja waliishia kuwa majirani na jamaa zao.

Joram Gitonga alikuwa akikaa nyuma yake darasani. Alikuwa mpiga picha. Kila Jumamosi alizunguka kwenye harusi za watu, kisha Jumatatu anakuja na macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimwambia Soipan kwamba ameshapiga picha maharusi wengi hata anajua, akiwatazama tu kwenye kamera, nani atadumu. Soipan akamwuliza anaangalia nini. Joram akasema anaangalia kama mwanaume anajua mahali mkono wa mke wake ulipo bila kuutafuta. Tangu siku hiyo Soipan hakujua tena aiweke wapi mikono yake Joram akiwa karibu.

Wakaungana. Yeye mavazi, Joram picha, ukurasa mmoja wa wawili. Soipan akaupa jina Enkiyama Yetu kwa sababu alitaka kila bibi harusi auone kama wake. Matangazo yao ya kwanza yalikuwa ya nguo zilizoning'inizwa ukutani, na hakuna aliyesimama. Evalyne aliyatazama kwa muda, kisha akawaambia kitu ambacho Soipan alikishika kama aya.

"Msiuze nguo. Uzeni ile siku nguo itavaliwa."

Hawakuwa na watu wa kuwavika, wakavaa wenyewe. Walitoka asubuhi hadi kwenye uwanda ulioko nyuma ya nyumba za mwisho za Noonkopir, kamera ikasimamishwa kwenye miguu yake mitatu, ikategwa ijipige yenyewe. Kati ya picha moja na nyingine upepo ukaja ukaipindua kola. Joram akasahau kamera. Akainama kuirudisha, vidole vyake vikagusa shingo ya Soipan, vikatulia hapo.

"Hii rangi itakukaa vizuri hata siku ya ukweli," alisema.

"Siku gani?"

Joram alimtazama tu, na kamera ikalia.

Hiyo ndiyo picha waliyoichagua. Soipan alilipanga tangazo liwafikie watu wa Kajiado yote, wanaopenda harusi na mila, akabonyeza. Kufikia jioni lilikuwa limeenea kupita walivyotarajia. Oda zikaingia kutoka Isinya, kutoka Namanga, mpaka kutoka Rombo kule mpakani. Wanawake waliandika chini yake kwamba wangependa kutazamwa hivyo hata mara moja maishani. Soipan aliyasoma maneno hayo akielewa vizuri kilichokuwa kinanunuliwa. Shanga zilikuwa shanga. Watu walikuwa wananunua macho ya Joram.

Wao wenyewe walikuwa bado wanajificha. Waliambiana kwamba biashara ikisimama watapata ujasiri wa kwenda nyumbani kuongea. Biashara ikasimama, na ndiyo iliyotangulia nyumbani kuwasemea.

Joram alipoambiwa hakusita. Alisema atakwenda Kajiado kesho yake. Lakini alipokuja kumchukua Soipan asubuhi, uso wake ulikuwa umezama, na ilibidi Soipan amwulize mara kadhaa ndipo aseme. Alikuwa amemwomba mama yake waende pamoja. Nyakio, mama yake, alikuwa mjane aliyemlea mtoto huyo mmoja kwa kuuza nguo za watoto sokoni Kitengela. Naye alikuwa ameiona picha. Alimwambia Joram kwamba hana nguvu za kujifunza watu wengine na lugha nyingine uzeeni, kwamba mke wa mtoto wake ni mtu atakayezeeka naye jikoni na hataki kuzeeka akitafsiriwa maneno. Akamwambia kama anataka kwenda kuomba msichana bila yeye, aende, lakini ajue ameenda kama mtu asiye na kwao.

"Tungoje basi," Soipan alisema. "Tusiende hivi."

"Baba yako ameita. Nisipoenda leo nitakuwa nimeogopa."

Wakaenda.

Boma la Mzee Katoo liko nje kidogo ya mji wa Kajiado, mahali barabara ya lami inapoachwa na njia ya vumbi jeupe inaanza. Mzee alikuwa ameketi kivulini mwa nyumba ya mabati. Soipan aliinamisha kichwa, baba yake akakigusa. Kisha Joram akainama pia, kama alivyofundishwa njiani. Mkono wa mzee ulikawia hewani. Mwishowe ukashuka ukamgusa, kwa kuwa hata mtoto wa mgeni haachwi ameinama. Mama yake Soipan akaleta chai, akakaa karibu na mlango.

Mzee alianza kwa habari za njia na za mvua. Kisha akauliza alichokuwa anataka kuuliza.

"Umekuja na nani?"

"Nimekuja peke yangu, Mzee."

"Baba?"

"Alikufa nikiwa mdogo."

"Pole. Mama?"

Joram akamtazama Soipan. "Ako. Hakuweza kuja."

"Hakuweza, ama alikataa?"

Soipan alishusha macho kwenye kikombe. Alimwomba Mungu Joram adanganye, na papo hapo akamwomba asidanganye.

"Alikataa," Joram alisema.

Mzee alitikisa kichwa taratibu. Hapakuwa na hasira usoni mwake, na Soipan, aliyemjua baba yake, aliona kwamba kijana huyu ameheshimiwa kwa jibu lile. Tumaini likamgusa moyoni, dogo, la kuumiza.

Joram alieleza kuhusu tangazo, kwamba ilikuwa kazi, na kwamba hawakukusudia kumwaibisha mtu. Aliomba msamaha kwa mzee kuyajua mambo ya nyumba yake sokoni. Halafu akaweka kikombe chini.

"Lakini sitaki kukwambia ilikuwa picha tu. Nampenda Soipan. Nilitaka nije kabla watu hawajaanza kuongea, na nimechelewa. Naomba unikubalie nirudi hapa vizuri."

Mama akaacha kukoroga chai. Mzee akatazama mbali, upande wa zizi. Alipoanza kusema, hakusema juu ya picha. Alisimulia juu ya binti yake mkubwa, dada yake Soipan, aliyeolewa mbali, huko juu kwenye mashamba ya chai, na mtu wa kabila la Joram. Alisema mtu huyo alikuja hapa na wazee wake, wakaongea vizuri, wakala, wakaombeana. Alisimulia jinsi binti huyo alivyougua baada ya kujifungua, akafa, akazikwa, na yeye akasikia wakati udongo umeshakauka.

"Walisema walipiga simu," aliendelea. "Pengine walipiga. Mimi nilikuwa na ng'ombe mbali, huko simu haishiki. Lakini mtoto wa wenyewe akikufia, unatuma mtu na miguu. Nilipofika nilikuta kaburi limepandwa maua. Mpaka leo mjukuu wangu nikienda kumwona ananipa mkono kama mtu wa kanjo amekuja kuchukua ushuru. Hajui kuinamisha kichwa. Hakuna mtu amemwambia."

"Mzee, mimi si huyo mtu," Joram alisema kwa upole.

"Najua wewe si yeye. Lakini yeye alikuwa na watu. Walikaa hapo umekaa, na bado nilisahaulika. Sasa wewe uko na nani? Kesho kitu kikitokea, nitamwuliza nani?"

Joram aliomba apewe muda, aongee na mama yake tena.

"Mama yako ameshasema. Mama akisema hivyo, kuna mahali ameumia, hata kama hajakwambia. Simlaumu. Sisi wawili hatujaonana na tumekubaliana." Mzee alivuta pumzi. "Maliza chai, kijana. Ukipita hapa na kiu utapewa maji, ukipotea utaonyeshwa njia. Lakini kwa hii maneno, usirudi."

Kisha akamgeukia Soipan, akamwambia kazi yake hamkatazi, shanga za mama yake aendelee kuziuza. Ile picha itoke.

Soipan alitaka kusema. Maneno alikuwa nayo, aliyapanga usiku kucha. Lakini alimwangalia baba yake akiinua kikombe kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akikiinua miezi ile baada ya msiba kwa sababu mmoja ulikuwa unatetemeka, akayaacha maneno yote.

Alimsindikiza Joram hadi kwenye lami. Jua lilikuwa kali, magari ya kwenda Namanga yanapita kwa kasi, nao wakasimama kando ya barabara wakiwa wameachana nafasi ambayo watu wanaoheshimu wazazi huachana mchana. Alitamani kumshika hata ukosi wa shati.

"Twende Rongai," Joram alisema. "Kuna rafiki yangu anahama nyumba Laiser Hill. Tuko na page, tuko na wateja, hatuhitaji kitu ya mtu. Twende tuanze tu."

"Halafu?"

"Watazoea. Tukipata mtoto watazoea. Wazazi huwa hivyo."

"Na mama yako?"

"Atazoea."

Soipan alimtazama uso ule alioujua kuliko kazi ya mikono yake, kovu dogo juu ya nyusi, midomo inayotangulia kucheka kabla ya macho. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba katika maisha anayoyachora Joram, kila mtu anazoea na hakuna anayekuja.

"Kwa harusi yetu watakuja wateja pekee," alisema.

"Soipan."

"Ni ukweli. Watatupigia makofi kwa simu."

Joram alisogea hatua, akasimama. "Basi niambie hunipendi. Ukisema hivyo naenda, sitakusumbua."

"Siwezi kusema hivyo."

"Kwa nini basi?"

"Kwa sababu uliona mikono ya baba." Akageuka kutazama upande wa boma. "Hakupata kumzika dada yangu Priscilla, Joram. Nikienda na wewe bila yeye, hata mimi atakuwa amenikosa nikiwa hai. Nitakuwa nakupenda kila siku, na kila siku nitakuwa nakuchukia kidogo. Utaiona kwa macho yangu. Wewe huwa unaona."

Joram alijua kuona, na ndiyo sababu hakubisha. Alisimama mikono ikining'inia, kama mtu aliyekuja na mzigo akakuta hakuna pa kuutua. Baadaye akatoa simu.

"Wacha nitoke kwa page."

"Hapana. Hiyo baki nayo. Hatutaongea, lakini baki."

"Nikibaki nitakuwa nakuangalia. Nitajua umeamka saa ngapi, umemjibu nani, umecheka na nani. Siwezi kuishi hivyo, Soipan. Nimejaribu kufikiria tangu pale kwa chai, na siwezi."

Akabonyeza. Simu ya Soipan ikatetemeka mkononi, ikamwarifu kwamba Joram Gitonga si msimamizi tena wa Enkiyama Yetu. Aliusoma ujumbe huo huku mwenyewe amesimama mbele yake, karibu kiasi cha kunusa sabuni ya shati lake, na alihisi kama amesomewa tangazo la msiba marehemu akiwa bado anapumua.

Boda boda ikasimama. Joram hakusema kwaheri. Alimrekebishia leso iliyokuwa imeteleza begani, upesi, bila kumgusa ngozi, akapanda, akaenda. Hakugeuka nyuma. Soipan alimshukuru kwa hilo, na hapo hapo akatamani ageuke.

Mbuzi waliporudi jioni, baba yake alimwita, akaomba kuiona ile picha kabla haijatolewa. Sokoni, alisema, hakuiangalia vizuri, watu walikuwa wanamwangalia yeye. Soipan akamfungulia. Mzee aliisukuma simu mbali na macho yake, akakaza kutazama, kidole chake kigumu kikagusa kioo na uso wa Joram ukakua ukajaa pote. Hakujua jinsi ya kuupunguza, akabaki akiutazama hivyo hivyo.

"Huyu kijana anakupenda," alisema.

"Ndio, Papa."

"Na wewe?"

"Ndio, Papa."

Mzee alimsikiliza mama akianza kuwaita mbuzi wadogo zizini.

"Yule wa Priscilla pia alimpenda," alisema. Soipan alishtuka, kwa kuwa jina lile halikuwa limetoka kinywani mwa baba yake tangu kifo. "Pale kaburini alilia mpaka mimi ndiye nilimshika asianguke. Mimi. Alimpenda sana, na hiyo mapenzi haikumkumbusha kwamba niko." Akamrudishia simu. "Toa."

Soipan alitoa. Simu ilimwuliza kama ana hakika, akakubali, na picha ikaondoka pamoja na maneno yote ya wale wanawake waliotamani kutazamwa hivyo. Baba yake alimgusa kichwa ingawa hakuwa ameinama, akaenda zizini.

Aliporudi Noonkopir alishona. Alirudi kupiga picha za nguo zikiwa ukutani, na watu wakarudi kupita bila kusimama. Kwa Evalyne alisikia kwamba Joram amehamia upande wa Rongai peke yake, anapiga picha za shule na za vitambulisho, harusi amekataa. Alisikia pia kwamba Nyakio amefunga kibanda mapema siku nyingi, na akiulizwa habari za mwanawe husema yuko tu. Siku moja Soipan aliandika ujumbe kwa nambari ya Joram, akausoma, akaufuta herufi kwa herufi.

Alikuwa anakata kitambaa asubuhi moja ujumbe ulipoingia kutoka kwa msichana wa Rombo. Alijitambulisha vizuri, akasema anaolewa hivi karibuni na anataka vazi jekundu lenye kola pana. Ili pasiwe na makosa, alikuwa ameambatanisha picha aliyoihifadhi kwenye simu yake. Joram alikuwa ameinama, vidole vyake viko shingoni mwa Soipan, upepo umeshika kola. Msichana akaomba radhi kwa kuuliza, lakini angependa kujua kama hao wawili ni mtu na mke wake, kwa sababu mchumba wake amesema watu wasiopendana hawawezi kuangaliana hivyo.

Soipan alikaa juu ya kitambaa alichokuwa anakikata. Alikaa hapo hadi cherehani ya jirani ikaanza kulia, na mtu nje akauliza kama amefungua. Kisha akapangusa mikono kwenye sketi na kuandika kwamba vazi lipo. Akaomba kipimo cha kifua, cha kiuno na cha urefu, na tarehe ya harusi ili asimcheleweshe. Kwa lile swali jingine hakujibu kitu. Akafikiri kidogo, akaongeza neno moja mwishoni, kama alivyofundishwa kumwandikia kila mteja anayeolewa.

Hongera.